Dereva Asiyekula Wala Kulala

Jumamosi, 4 Mei

Nimehamia kwa mama mkwe. Sijafukuzwa kwangu, ieleweke. Daktari amemkataza mke wangu kupanda ngazi mpaka ajifungue, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti ni pambo. Kwa mama yake ni nyumba ya chini. Mke wangu kapewa chumba chenye dirisha. Mimi nimepewa meza ya cherehani sebuleni. Cherehani yenyewe imepandishwa juu ya kabati, na kila nikiinua macho naiona inaniangalia kama mpangaji aliyetolewa kwa nguvu. Ni ya shemeji, mdogo wa mke wangu, mshonaji. Naye ananiangalia vivyo hivyo.

Mkuu wa kazi amekubali nifanyie kazi huku. Alikubali upesi mno. Sikupenda.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni ya maji imetupa namba za mita zote za mji, saa kwa saa, mwaka mzima. Tulinganishe maji yaliyotoka kwenye matangi na maji yaliyofika majumbani, tujue yanapotelea wapi chini ya ardhi. Ijumaa mafundi wa mabomba wanaanza kuchimba, na watachimba pale ramani yangu itakapowaelekeza. Kompyuta moja ingezeeka na hesabu hiyo. Ndiyo maana tuna klasta: kompyuta arobaini katika chumba kimoja cha baridi, mbali na hapa, zinagawana kazi moja kama watu wanaomenya gunia la vitunguu. Mimi natuma kazi kwa mtandao. Inapanga foleni. Zamu yake ikifika, inakatwakatwa na kugawiwa.

Anayegawa tunamwita dereva. Ni programu tu, hana mikono wala miguu. Wanaogawiwa tunawaita wafanyakazi. Dereva unaweza kumweka kule kule klasta, au ukabaki naye kwenye kompyuta yako. Tofauti ni neno moja katika amri. Wangu nabaki naye. Napenda kumwona akihesabu, asilimia kwa asilimia. Ng'ombe wangu simlazi zizi la mtu.

Shahada anasema huo ni ushamba. Shahada ni mwenzangu kazini. Jina nimempa mimi, kwa sababu kila tukikutana kwa video cheti chake cha chuo kipo ukutani nyuma ya kichwa chake, kimewekewa na taa. Mimi nilianza kwa kutengeneza simu chini ya mwavuli, mvua upande huu, jua upande ule. Sikufundishwa na mtu.

Mke wangu kaniomba jambo moja. Siku ikifika niwe naye chumbani, na mikono yangu iwe mitupu. Yote miwili, akasema, kwa sababu ananijua. Nimeahidi. Daktari anasema bado kama wiki mbili. Kazi inakwisha Ijumaa. Nafasi ipo, na ya kupumulia imebaki.

Jumapili, 5 Mei

Nimetuma kazi asubuhi. Jumapili hakuna foleni, wasomi wamelala. Imeanza papo hapo. Kufika mchana, asilimia arobaini na moja. Nimekwenda kuoga nikipiga mluzi.

Nimerudi. Kompyuta imefungwa. Imefutwa vumbi. Juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa, chombo cha maua ya plastiki.

Kompyuta yangu ukiifunga inalala. Ikilala, dereva anakata roho. Dereva akikata roho, wafanyakazi wote arobaini kule wanaweka zana chini na kusahau walichokuwa wakifanya. Hakuna kuendelea walipoishia. Ni kuanza moja.

Mama mkwe katokea jikoni, kaniambia kwa upole kwamba kitu cha thamani hakiachwi mdomo wazi, vumbi la huku halina adabu. Angekuwa shemeji, ningesema. Angekuwa mke wangu, ningesema na ningejuta. Mama mkwe humwambii kitu. Nimesema ahsante Mama, umefanya la maana. Kafurahi. Kaniletea na kitambaa kidogo cha kufunikia simu.

Shemeji kaniuliza mbona nimekaa kama mtu aliyemeza kijiko. Nikamwambia kazi yangu imekufa. Haikupita muda, mke wangu ananiita chumbani, machozi yanamtoka, anauliza nimeachishwa kazi lini, na kwa nini yeye awe wa mwisho kuambiwa.

Nimeeleza. Kazi iliyokufa ni ile niliyoituma. Ile niliyoajiriwa iko hai. Mke wangu kaelewa, hii si mara ya kwanza. Shemeji alikuwa mlangoni akisikiliza, akasema basi mimi ndiye mtu wa kwanza kumjua anayefiwa na kazi akiwa kazini. Mama mkwe kaamua shauri: neno kufa halisemwi katika nyumba inayosubiri mtoto. Niseme imepumzika.

Sawa. Kuanzia leo kazi hazifi. Zinapumzika.

Jumatatu, 6 Mei

Foleni. Kazi ya Shahada iko mbele yangu, nayo imeomba wafanyakazi thelathini na wanane kati ya arobaini. Kuna watu wa namna hiyo hata kwenye karamu. Anajipakulia sufuria nzima, halafu anawaonyesha wenzake ukoko na kuwakaribisha.

Mimi nami si mtoto. Kwenye foleni yetu kuna madaraja matatu: kawaida, haraka na dharura. Hakuna aliyewahi kugusa dharura. Nikagusa. Kazi yangu ikaruka mbele kama panzi. Nikajimiminia chai.

Chai haijapoa, kazi ya Shahada nayo ni dharura. Kisha ya mtu wa mishahara. Kisha kazi za watu nisiowajua. Mchana kila kazi katika ile klasta ilikuwa dharura, foleni ni ile ile, tofauti ni kwamba sasa kila mtu amenuna. Mkuu kaandika barua kwa wote, anauliza nani aliyeanza. Nimejibu kwamba tabia hiyo inatusikitisha wengi.

Baadaye Shahada kapiga simu. Hagombi, huyu. Anaongea kwa upole, na hapo ndipo anapoudhi. Kasema: kaka, hamishia dereva kule klasta. Ni neno moja. Ufunge kompyuta yako, ukae na mkeo.

Nilikuwa barazani, na mtandao wa barazani unataka kupigiwa kelele. Nikampigia kelele. Nikamwambia dereva wangu ninaye hapa hapa nyumbani na hapa atabaki. Kwamba nina wafanyakazi arobaini wanamngoja yeye tu. Kwamba sijawahi kupangiwa na mtu jinsi ya kukaa na watu wangu. Mama mkwe alikuwa anaanika nguo hatua chache tu kutoka pale. Nilimwona ameinua kibanio, mkono umebaki hewani, amesahau kubana.

Jioni sahani yangu ilikuwa na nyama kuliko za wengine. Shemeji aliona. Nikala taratibu ili aone vizuri.

Jumanne, 7 Mei

Mama mkwe amebadilika. Ananiita Baba. Nimepewa kiti chenye mto.

Asubuhi kaniuliza kama dereva wangu amekula. Nimeguswa, sifichi. Mwanamke wa umri wake, kuanza kujifunza lugha ya klasta ili apate la kuzungumza na mkwe. Nimemjibu kwa heshima zote. Dereva hali, Mama, nikasema. Yeye ni umeme tu. Kauliza analala wapi. Nikasema halali. Akilala tu, kazi inapumzika, na inabidi nianze naye upya. Kauliza, kwa sauti ya chini, ameanza nami lini. Nikamwambia nimekuwa naye miaka mitatu na sijawahi kumsikia akilalamika.

Kasema: mwanangu, kupanda ni kuzuri, lakini aliye juu mngoje chini, na wewe ulipokuwa chini ulijua njaa.

Sikuelewa inahusu nini, ila ni maneno mazito. Nimeitikia.

Mchana nimekuta sahani imefunikwa, imewekwa nje juu ya kigoda kando ya mlango. Chakula cha moto, na kijiko. Kwa nini wananiwekea nje sijui. Pengine shemeji ameanza vita ya meza. Nimeila yote ili asipate raha.

Kazi leo: imesubiri foleni kutwa. Haijaguswa.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya kliniki. Na bila shaka, foleni iliyokataa kusogea jana kutwa ikasogea leo wakati tunavaa viatu. Asilimia ishirini na mbili, tunatoka mlangoni. Kufunga haiwezekani. Nikaibeba wazi, mikono miwili, kama mtu anayepeleka sinia la chai kwa wageni. Simu ya kutoa mtandao mfukoni.

Mama mkwe aliuliza kwa nini tunakwenda na teksi ya mzee wa pale kona wakati nina dereva. Nikamwambia dereva yuko kazini sasa hivi, Mama, haguswi. Akasema anaelewa, kazi ni kazi. Lakini je, siku yenyewe? Nikamtuliza. Siku yenyewe atakuwa amemaliza kila kitu, nikasema, yuko huru kabisa. Akashusha pumzi. Akainama dirishani kwa mzee wa teksi wakaongea kidogo. Nilisikia "mkwe wangu ana wake". Mengine yalinipita, nilikuwa kwenye asilimia ishirini na saba.

Kliniki. Nimekaa kwenye benchi kati ya wajawazito kumi na mmoja na kompyuta wazi mapajani. Mmoja kanitajia jina lake na miezi yake, kadhani naandikisha. Wa pili kajipanga nyuma ya wa kwanza. Kabla sijajitetea nilikuwa na foleni yangu mwenyewe, nayo ilikuwa inakwenda kuliko ya klasta. Muuguzi akamuuliza mke wangu huyu ni mumeo au fundi wa mashine. Mke wangu akasema bado anachunguza. Benchi zima likacheka, nami nikacheka, kwa adabu.

Kisha wakamwita. Mke wangu anapoinuka siku hizi anahitaji mkono wa mtu. Akanyoosha wake. Mimi yangu yote miwili ilikuwa chini ya kompyuta. Mama mmoja asiyetujua, wa upande wa pili, akamshika kwapani na kumwinua, kama vile amefanya hivyo maisha yake yote.

Kurudi mke wangu alikaa mbele na kutazama nje ya dirisha. Njiani mtandao ukapotea tulipoingia chini ya daraja. Asilimia sitini na tatu. Ikapumzika.

Daktari anasema mtoto amekaa vizuri, siku bado zipo.

Jioni mke wangu kachukua kiganja changu bila kuniangalia, kakiweka tumboni kwake. Teke. Kisha la pili. Nikaanza kupima muda kati ya teke na teke. Kasema usihesabu. Nikaacha. Yaani nikaacha kutikisa midomo.

Alhamisi, 9 Mei

Kesho ndiyo kesho. Kazi imeingia asubuhi baada ya wote kurudi kwenye kawaida, kwa amri ya Mkuu. Inakwenda vizuri. Kitambaa cha kufuma nimekificha chini ya godoro, na yale maua ya plastiki nimeyapeleka chooni.

Shemeji kaja kudai meza. Kasema ana kazi ya watu na magoti yake si meza. Tumejadiliana kama mataifa. Mwisho tumechora mpaka kwa chaki yake ya kukatia nguo: nusu yangu, nusu yake. Cherehani ikashushwa kutoka kabatini kwa heshima. Ikianza kushona meza nzima inatetemeka, na namba zangu zinacheza kwenye kioo kama zina homa. Nimelalamika. Kasema hata cherehani inalalamika, inadhani kuna tetemeko la asilimia.

Mchana kipande cha flaneli cha njano kikavuka mpaka. Nikakiinua kwa ncha za vidole ili nimrudishie mbele ya mashahidi. Ni mkono wa nguo. Umeshonwa umekamilika, na hauzidi urefu wa kidole changu cha kati. Nikauvisha kwenye kidole. Ukatosha.

Nikaurudisha polepole. Nikafuta mpaka na kuuchora upya, upande wangu umepungua kiganja kizima. Shemeji alijifanya anatunga uzi.

Shahada kaandika. Kama nimebanwa, nimpe ruhusa tu, ataituma yeye kazi yangu na dereva kule klasta. Sijamjibu. Leo namwomba ruhusa ya kunisaidia, kesho ananifundisha kutembea.

Asilimia sabini na nne. Kwa mwendo huu, kabla ya jua kuzama nitakuwa nimemaliza, nimetuma ramani, na nitakuwa na mikono mitupu kwa siku kumi nzima za kungojea mtoto. Akili ni mali.

Shemeji anatoka chumbani mbio, anasema chupa imepasuka. Nimemwambia aokote vipande vizuri kabla mtu hajakanyaga.

Ijumaa, 10 Mei

Benchi la nje ya wodi ya wazazi. Kalamu ya kuazima.

Haikuwa chupa ya vipande. Ilikuwa chupa ya uzazi. Shemeji alinirudia sebuleni na kunieleza kwa maneno machache ambayo sitayaandika hapa, maana huenda mtoto atajifunza kusoma.

Nikatoka barazani. Mama mkwe yuko getini, amevaa kama anakwenda kupokea wageni, begi la uzazi mkononi, ametulia. Akasema: haya Baba, mwite dereva wako.

Nikasema dereva gani, Mama. Akasema dereva wako, mwanangu, si ulisema siku ya leo yuko huru. Nikaangalia kompyuta iliyokuwa mikononi mwangu. Nikasema, Mama, dereva ndiye huyu.

Akaitazama. Akanitazama. Akazunguka akachungulia na nyuma yake.

"Yumo humu?"

"Yumo, Mama."

"Na wale arobaini?"

"Nao ni kompyuta, Mama."

Akakaa juu ya begi. Kisha akanieleza pole pole, kama mtu anayehesabu hasara ya moto. Kwamba yeye ndiye aliyemwambia mzee wa teksi asitungojee tena, naye mzee amekwenda mji wa pili na wageni wa harusi. Kwamba majirani wote wameambiwa mkwe wake ana dereva na watu arobaini chini yake. Kwamba amekuwa akiniombea usiku, nisiwe bosi mkatili. Halafu akakumbuka jambo. Akauliza, na kile chakula alichokuwa akimwekea dereva mlangoni, kilikuwa kinaliwa na nani.

Nikasema mimi, Mama.

Sijui angesema nini. Mke wangu aliguna ndani, na sote tukaacha kuwa wajinga kwa wakati mmoja. Shemeji alikuwa tayari barabarani. Fundi seremala wa nyumba ya tatu alikuwa amepakia kabati la mteja kwenye kigari chake. Akalishusha pale pale kando ya njia, milango yake ikifunguka na kufungika kwa upepo, akasema kabati halizai. Mke wangu na mama yake wakakaa mbele. Mimi na shemeji nyuma, juu ya maranda ya mbao.

Na kompyuta. Ndiyo, nilikuwa nayo, na ilikuwa wazi. Asilimia themanini na saba. Mafundi wanangoja na majembe yao, mtu hatupi nyama akiwa ameifikisha mdomoni. Shemeji alinieleza mimi ni mtu wa aina gani, kwa sauti ambayo seremala mbele aliisikia akakosea gia.

Mlangoni mwa chumba cha kujifungulia alisimama muuguzi mfupi, mpana, ameshika kitasa. Akasema: Baba, ukiingia wewe, hicho hakiingii. Kikiingia hicho, wewe huingii. Nikamwonyesha. Asilimia tisini na sita. Nikamwomba anivumilie kidogo tu. Akasema mtoto hakupanga foleni.

Ndani mke wangu akaita. Hakutaja jina. Alisema "wewe". Katika ndoa kuna "wewe" nyingi na mimi nilidhani nazijua zote: ya kunituma, ya kunikemea, ya kuniamsha. Hii sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mtu aliyepapasa gizani akakosa ukuta.

Nikaifunga. Tisini na sita. Nikamtupia shemeji nikaingia.

Mikono yangu mitupu sikujua niiweke wapi. Mke wangu alijua. Aliishika yote miwili hata pete yangu ikanichora. Kisha akasema: hesabu. Nikamkumbusha kwamba alinikataza. Akasema hesabu, si ndicho unachojua. Basi nikahesabu. Kila uchungu ulipokuja nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ukapita, na ulipopita nikamwambia umepita. Wakati fulani nilipotea, nikaruka kutoka kumi na tisa hadi thelathini. Akafungua jicho moja na kusema usinidanganye. Nikarudi ishirini. Kazi hiyo haikupumzika hata mara moja. Naijua vizuri, nilikuwa ndani yake.

Msichana. Muuguzi alisema kilo tatu. Nikachungulia mzani, nikamwambia kilo tatu na gramu mia mbili na themanini, asimpunje mtoto.

Wamemlaza kifuani kwa mama yake. Mke wangu akaniangalia, nywele zimemganda usoni, akasema umekuja. Kama vile nilitoka mbali sana.

Ni asubuhi sasa. Mafundi wamefika na majembe yao, na hakuna ramani ya kuwaonyesha pa kuchimba. Mkuu amepiga simu mara tatu. Sijapokea. Nimefikiria kurudi chini ya mwavuli na bisibisi zangu. Mwavuli wenyewe sijui uko kwa nani.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepokea simu ya Mkuu nikiwa nimesimama, mtu asifukuzwe ameketi. Kanipongeza kwa mtoto. Kisha kanipongeza kwa ramani.

Nikasema ramani ipi.

Kumbe Shahada. Alhamisi aliona dereva wangu amepotea ghafla asilimia tisini na sita. Akajiambia hakuna kitu duniani kinachoweza kumfanya yule bwana afunge kompyuta yake pale, isipokuwa mtoto. Akamwomba Mkuu ruhusa, akaituma kazi yangu, kwa jina langu, dereva kamwacha kule kule klasta, yeye kafunga kompyuta yake na kwenda kulala. Alfajiri ramani ilikuwa tayari. Mafundi wamechimba, na mahali pa kwanza tu wamekuta bomba limepasuka, maji yanatoka kama yalikuwa yanawangoja. Mkuu kanipa likizo ya wiki mbili na kaniamuru nisiguse kitu.

Nimeumia sana. Jina langu limetumiwa. Nimesaidiwa bila kuomba. Na bado ametuma zawadi, kofia ya sufu ya mtoto, kwa mtu wa pikipiki. Ingekuwa kubwa au ndogo ningepata la kusema. Imemkaa barabara.

Mama mkwe kaishika ile kofia, kauliza imetoka kwa nani, na huyo mtu dereva wake anakaa wapi. Nikasema wake anakaa kule kule klasta, Mama. Kaguna. Kasema huyo anaonekana ni mtu anayelala usingizi.

Jumatatu, 13 Mei

Likizo, siku ya kwanza. Nyumba imetulia. Mama mkwe yuko sokoni, shemeji kapeleka nguo za wateja. Mke wangu amelala, kinywa wazi kidogo, usingizi wa mtu aliyelipa. Mtoto yuko kifuani kwangu. Alilia asubuhi yote na sasa ndiyo kwanza amenyamaza. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala.

Nimetuma kazi ndogo. Ndogo kabisa, hata Mkuu angeiona asingeiita kazi. Nataka tu kuihakiki ile ramani ya Shahada. Kuna mtaa mmoja namba zake nazitilia shaka baada ya nukta, na mtu aliyelala wakati hesabu inakwenda atajuaje kilichopita?

Dereva nimemweka hapa. Lile neno moja nalijua, sijasahau. Nitalibadilisha kazi ijayo, ambayo itakuwa kubwa. Hii haistahili.

Jambo moja. Chaja iko kwenye soketi ya upande wa cherehani, na mimi niko kwenye kochi. Nikiinuka ataamka. Nimejaribu kuivuta kwa mguu. Nimeisukuma mbali zaidi.

Betri asilimia saba. Kazi asilimia hamsini na nane. Nimepiga hesabu kichwani mara mbili na nimepata jibu lile lile, nalo halikunipendeza, nimepiga mara ya tatu na sasa inakaa vizuri zaidi.

Amejinyoosha. Amekunja kiganja chake kwenye kidole changu cha shahada, kile ninachobonyezea, na amekibana kwa nguvu kuliko nilivyotegemea kutoka kwa mtu wa siku nne. Pumzi zake zinakuja mbili mbili, kisha anangoja, kisha moja.

Betri tano. Sijitikisi. Itawahi.